Maswali na Majibu ya Gari: Umebadilisha Balbu, Bado Huoni Barabara

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia na taa za mbele. Zilizofanana tumeziunganisha. Tukubaliane kwanza kuhusu maneno: dimu ni ile taa ya chini unayoshusha ukipishana na mwenzako, fulu ni ile ya mbali. Halojeni ni balbu ya kioo yenye uzi mwembamba unaowaka. H4 ni aina ya balbu ya miguu mitatu yenye dimu na fulu ndani ya balbu moja. Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. LED ni ile yenye chipu ndogo za rangi ya njano zilizobandikwa kwenye ubao wa shaba au alumini, na nyuma yake kuna feni au mapezi ya kupozea.

Ninaendesha Hiace "drone" ya abiria kati ya Mbale na Kampala, mara nyingi usiku. Nilitoa balbu za H4 nikaweka LED. Boksi linasema wati 200, lumeni 20,000. Mbele ya bampa kumekuwa kama mchana, lakini kila ninayepishana naye ananipiga fulu, na mvua ikinikuta msitu wa Mabira lami inapotea kabisa. Kosa ni la LED au la macho yangu?
*Dereva wa taksi, Mbale*

Macho yako ni mazima, ndugu dereva. Tuanze na boksi, maana hilo halina kazi. Wati 200 kwenye umeme wa volti 12 ni zaidi ya ampea 16 kwa balbu moja. Fyuzi ya taa ya mbele kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Balbu ingekula hivyo kweli, fyuzi ya 10 ingekatika kabla hujatoka gereji, na ya 15 ingelemewa. Chomoa fyuzi ya taa ya upande mmoja, weka multimita kwenye ampea 10, gusa ncha zake kwenye pande mbili za tundu la fyuzi, kisha washa dimu. LED nyingi zitakuonyesha ampea 1.5 hadi 2.5, yaani wati 20 hadi 30 hivi. Mwanga wake halisi ni kama lumeni 1,500 mpaka 3,000. Halojeni ya H4 ya wati 60/55, yaani 60 za fulu na 55 za dimu, ikipata volti 13.2, hutoa lumeni 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye fulu. Kwa hiyo ni kweli LED yako ina mwanga mwingi kuliko ile uliyotoa. Ubaya ni mahali mwanga huo unapokwenda.

Chukua balbu yako ya zamani uitazame kwa karibu. Ndani ya kioo kuna nyuzi mbili. Ule wa mbele ni wa dimu, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma, kama kijiko kilichoushika. Kikombe hicho huzuia mwanga wa dimu usishuke kwenye nusu ya chini ya kioo cha kuakisi. Ni nusu ya juu peke yake inayofanya kazi, na yenyewe huusukuma mwanga kuelekea chini, barabarani. Mwanga ukivuja ukagusa nusu ya chini, utapanda juu: machoni mwa anayekuja na kwenye matone ya mvua. Matone yakimulikwa hivyo yanakurudishia mwanga kama pazia jeupe. Wakati huohuo mwanga mwingi uliomwagika mita chache mbele ya bampa unafanya mboni za macho zijibane, na kule mbali unakotaka kuona kunazidi kuwa giza. Mchana wako wa mbele ya bampa ndio unaokuibia barabara.

Sasa weka balbu zote mbili mezani, ukilinganisha ile pete ya chuma yenye masikio matatu. Pima kwa rula kutoka kwenye pete mpaka katikati ya uzi wa dimu, kisha kutoka kwenye pete ya LED mpaka katikati ya chipu za dimu. Tofauti ikizidi milimita moja, mwanga hautaangukia ulipokusudiwa, hata ukihangaika na skrubu za kurekebisha taa mpaka asubuhi. Tazama kama chipu za dimu zina kikombe chini yake. H4 ya LED isiyo na kikombe irudishe dukani. Mwisho angalia unene wa ubao: uzi wa halojeni una unene wa kama milimita moja na nusu, basi ubao wa milimita tatu au nne unatenganisha chipu za kushoto na za kulia, na katikati panabaki doa la giza.

Hata huko ng'ambo jambo hili halijawa jepesi. Ujerumani ilianza kuruhusu balbu za LED za kubadilishia halojeni mwaka 2020, tena kwa magari yaliyoorodheshwa tu, kila taa ikiwa imepimwa pamoja na balbu yake. Uingereza nayo, tangu 2021, ukaguzi wao wa lazima wa magari, uitwao MOT, unalikataa gari lenye taa ya halojeni iliyotiwa LED. Ushauri wetu kwa Hiace ya abiria yenye taa ya H4 ya kuakisi: rudisha halojeni safi ya 60/55, halafu soma jibu la tatu hapa chini kuhusu volti. Mwenye taa ya projekta, ile yenye lenzi ya duara kama jicho la samaki, ana nafuu, kwa sababu ndani yake kuna ukingo wa chuma unaokata mwanga wa juu hata balbu ikiwa mbaya.

Nimeshanunua LED nzuri ya H4 kwa Probox yangu, ina kikombe na vipimo vinalingana. Nataka kuifunga mwenyewe. Nianzie wapi?
*Msomaji, Masaka*

Zima taa, subiri halojeni ipoe dakika kumi. Chomoa soketi ya miguu mitatu kwa kuivuta wima. Ikiwa imeganda itikise taratibu, usivute waya. Vua mpira wa kuzuia vumbi kwa kushika vile vidole vyake vya pembeni, bonyeza klipu ya waya uiachie, toa balbu. Ichunguze soketi hapo hapo. Kama plastiki imegeuka kahawia au mguu mmoja umeungua, badilisha soketi kwanza. LED haitaiponya, itaanza tu kupepesa.

LED nyingi za H4 pete yake hutoka. Itoe, ifunge peke yake kwenye taa kwa klipu, rudisha mpira, kisha ingiza balbu katikati ya mpira na uizungushe mpaka ikamate. Chipu lazima zitazame kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa ya ukutani, kikombe kikiwa chini. Balbu nyingine zina skrubu ndogo ya heksi kwenye pete ya kurekebishia pembe hiyo.

Mpira ndio unaowashinda wengi. Kwa kuwa mapezi ya LED ni marefu, mtu huukata au huuacha mezani kabisa. Kwa barabara zetu za murramu, wiki chache zinatosha kuweka utando mwekundu ndani ya kioo cha kuakisi, na utando huo ukiufuta kwa kitambaa unaondoka na rangi ya fedha. Feni nayo hunywa vumbi hilo hilo, inaanza kukwaruza, inasimama. LED ambayo feni yake imesimama hujipunguzia mwanga yenyewe ili isiungue, au inaungua. Tafuta LED fupi ambayo mpira unaikaza shingoni, feni ikibaki nje. Kama ina kiboksi cha umeme pembeni, kifunge kwa kamba ya plastiki mbali na feni ya rejeta, mdomo wa waya ukitazama chini ili maji ya mashine ya presha yasiingie.

Sasa ukuta. Tafuta mahali tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, tangi nusu, na mtu akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari mpaka karibu ligusane na ukuta, tia alama ya utepe mbele ya kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 10 kamili, uzipime kwa futi kamba wala si kwa hatua. Washa dimu, funika taa moja kwa kitambaa kizito, rekebisha nyingine. Mstari ambapo mwanga unakatika na giza kuanza uwe sentimita 10 chini ya alama yako. Upande wa kulia mstari uwe umelala. Upande wa kushoto mstari uinuke juu kidogo, kama digrii 15, kumulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, ikirekebishwa hivyo, hufika mita 65 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde, kwa hiyo hizo ni sekunde tatu tu.

Huoni mstari wowote ukutani, ila wingu la mwanga lililotapakaa? Hiyo LED haikubaliani na taa yako, hata kama ni ya bei kubwa. Rudisha halojeni.

Probox inayobeba matoke au magunia hukaa nyuma na kuinua pua, kwa hiyo irekebishie ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kama gari lina kigurudumu cha namba 0 hadi 3 karibu na usukani, rekebisha kikiwa 0, halafu ukipakia ndipo ukizungushe. Wengi hawajui kipo hapo kwa kazi gani.

Gari langu lina halojeni, nimebadilisha balbu mara tatu, hata za bei kali, bado mwanga ni kama wa tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa. Fundi anasema dawa ni LED. Ni kweli?
*Mwalimu, Soroti*

Mwambie fundi wako alete mita kwanza. Mwanga wa halojeni haushuki sawasawa na volti, unaporomoka. Ikipata volti 12.0 badala ya 13.2, inapoteza zaidi ya robo ya mwanga wake. Ikipata 11, unabaki na kama nusu. Gari la miaka ishirini, lenye swichi iliyochoka na waya mwembamba unaotoka kwenye betri, kwenda dashibodi, kisha kurudi kwenye taa, hupoteza volti moja au zaidi njiani bila mtu kujua.

Pima hivi. Washa injini, iongeze mpaka mizunguko kama 1,500, washa dimu. Pima kwenye betri: utegemee 13.8 hadi 14.4. Ikiwa chini ya 13, ugonjwa uko kwenye altaneta au mkanda wake. Kisha pima kwenye balbu yenyewe, ikiwa imechomekwa na inawaka, kwa kupenyeza ncha za mita nyuma ya soketi. Pungufu la mpaka nusu volti linavumilika. Likizidi hapo, tafuta upande wenye kosa: weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya balbu, rudia kwa hasi na hasi. Mara nyingi kosa liko kwenye hasi, pale waya wa eathi ulipofungwa kwa skrubu kwenye bodi yenye kutu. Kwangua kutu, kaza skrubu, pakaa grisi. Gharama yake ni kipande cha msasa.

Kama upande wa chanya ndio mbovu, funga rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Kwa H4 unahitaji rilei mbili za ampea 30, moja ya dimu na moja ya fulu, waya wa milimita mraba 2.5, vishikio viwili vya fyuzi vyenye fyuzi za ampea 15, na soketi mbili mpya za H4, za kauri kama zipo. Waya utoke chanya ya betri, upite kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, uingie mguu namba 30 wa rilei. Mguu 87 uende kwenye balbu zote mbili. Miguu 85 na 86 iungwe kwenye soketi ya zamani ya upande mmoja, ambayo sasa kazi yake ni kuamsha rilei tu. Hasi za balbu zirudi kwa waya wa unene ule ule mpaka hasi ya betri. Balbu mbili za dimu zinakula ampea 9 hadi 10 hivi, za fulu ampea 10 hadi 11 hivi, kwa hiyo 15 inatosha. Ukiona fundi anatia fyuzi ya 30 "ili isisumbue", mzuie.

Ukimaliza, zile balbu ulizozilaumu zitawaka vingine. Ujue pia kwamba volti ikizidi, maisha ya balbu yanapungua: nyongeza ya asilimia 5 hukata karibu nusu ya saa zake. Altaneta inayotoa 15 itakumalizia balbu kila mwezi. Na achana na halojeni za wati 100/90. Joto lake linayeyusha soketi na kukausha rangi ya fedha ndani ya taa, kisha unabaki na taa mbovu kuliko ulivyoanza. Zile zenye kioo cha buluu nazo zinaonekana nyeupe kwa sababu rangi imezuia sehemu ya mwanga, hujaongezewa kitu.

Ukishika halojeni mpya, shika chuma chake, usiguse kioo. Mafuta ya kidole hutengeneza doa la joto na kioo kinapasuka. Ukiwa umegusa, futa kwa spiriti kabla ya kuwasha.

Nina Hilux ya zamani. Nimefunga LED, dimu na fulu zinawaka pamoja, na taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi imekufa. Nikirudisha halojeni kila kitu kinakuwa sawa.
*Mkulima, Kabale*

Toyota nyingi za zamani hukata upande wa hasi. Mguu wa pamoja wa soketi unabeba chanya muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ndiyo inayoshusha dimu au fulu kwenye eathi. Magari mengine yanafanya kinyume chake: mguu wa pamoja ni hasi. Uzi wa halojeni haujali umeme unaingilia wapi. LED inajali.

Hakikisha kwa mita. Chomoa soketi, washa dimu, weka ncha nyeusi kwenye bodi, gusa miguu mmoja mmoja kwa ncha nyekundu, kisha rudia kwenye fulu. Mguu wenye volti 12 mara zote mbili ni wa pamoja, na ni chanya. Nunua LED iliyoandikwa kwamba inakubali pande zote mbili, au funga rilei kama tulivyomweleza mwalimu wa Soroti, isipokuwa hapa koili ya kila rilei inakaa kati ya ule mguu wa pamoja na mguu wa dimu au wa fulu. Taa ya bluu ilikuwa ikipata umeme wake kupitia uzi wa dimu uliokuwa umelala. Uzi ukiondoka, njia imekatika. Ikiendelea kuzima hata baada ya hayo, itengenezewe waya wake wa peke yake kutoka kwenye mguu 87 wa rilei ya fulu, na waya wake wa zamani ufungwe usiguse kitu.

Nikiwasha LED, redio ya FM inakoroma. Nikizima, inatulia.
*Msomaji, Lira*

Kiboksi cha LED hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kumwaga kelele kwenye waya, ambao nao unageuka antena. Bana kipete cha feraiti, kile cheusi kinachoonekana kwenye nyaya za kompyuta, kwenye waya wa kila balbu karibu kabisa na kiboksi, ukiuzungusha mara mbili ndani ya kipete kama nafasi ipo. Kaza eathi ya redio na ya antena. Koromo likibaki, kiboksi ni cha ovyo na hakuna kipete kitakachokitibu.

Mimi ni wa boda, nina Boxer. Nilifunga LED ya duka la kando ya barabara, inapepesa nikipunguza mafuta, na ya pili imeungua ndani ya siku nne.
*Boda, Malaba*

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya mbele ikikataa mpaka injini iungurume, na mwanga ukipanda na kushuka kwa jinsi unavyovuta mafuta, basi inalishwa moja kwa moja na stata (koili za kuzalisha umeme ndani ya injini, si ile stata ya kuwashia) kwa umeme wa AC, ule unaogeuza mwelekeo kila mara. Thibitisha kwa mita ikiwa kwenye AC: gusa soketi, injini ikizunguka. LED ya DC, yaani ya umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, kwenye umeme huo inawaka nusu ya muda tu, ndiyo maana inapepesa, na mshtuko wa volti ukipanda ndio unaoiua.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua LED iliyoandikwa AC/DC, yenye upana wa volti kama 9 hadi 80. Ya pili ni kuhamisha taa kwenye betri kupitia rilei na fyuzi ya ampea 5. Hii ya pili ina masharti: LED iwe ya wati 10 au 15 hivi, na betri iwe nzima, maana chaji ya pikipiki ndogo haikupangiwa taa ya usiku kucha. Kabla ya yote pima pia regileta, kile kifaa kinachodhibiti volti ya chaji. Volti ya betri ikipita 15 injini ikivutwa, badilisha hiyo kwanza, la sivyo utaendelea kununua balbu.

Na usikubali kuuziwa H4 ya gari. Pikipiki nyingi zinatumia ya wati 35/35. H4 ya 60/55 inailemea stata na kuchoma plastiki ya taa.

Fuso yetu ni ya volti 24. LED za gari dogo zinaingia?
*Turnboy, Busia*

Kama mwili wake umeandikwa DC 9–32V, zinaingia. Ikiandikwa 12V peke yake itakufa papo hapo. Lakini lori taa zake ziko juu, na LED inayomwaga mwanga kutoka huko inamuingia dereva wa gari dogo machoni moja kwa moja, hata kupitia kioo chake cha nyuma. Halojeni ya volti 24 ya 75/70 kwenye waya safi inatosha mpaka Karuma na zaidi.

Gari langu kutoka Japani lina xenon, zile balbu za gesi zisizo na uzi. Taa moja imekuwa ya waridi. Nitie LED zote mbili?
*Msomaji, Entebbe*

Usitie. Rangi ya waridi au zambarau ni balbu iliyofika mwisho wa maisha yake. Badilisha mbili kwa pamoja, kwani mpya na ya zamani hazitalingana rangi. Soma maandishi kwenye kitako: D2S, D2R, D4S na D4R hazibadilishani. Za D2 hufanya kazi kwa volti 85 hivi, za D4 kwa 42. S ni ya projekta. R imepakwa rangi nyeusi upande mmoja kwa taa ya kuakisi. Zima taa, toa ufunguo, chomoa waya wa betri kabla ya kugusa, maana kuwasha kwake hutumia zaidi ya volti 20,000. Xenon nzima hutoa lumeni kama 3,200 na taa yako ilichorwa kwa ajili yake. LED nyingi hazifiki hapo.

Nimeletewa taa za kutoka kwenye gari la Ubelgiji, ni za bei nafuu kuliko za Kisekka, soko la vipuri la Kampala. Zina tofauti gani?
*Mfanyabiashara, Mbarara*

Ubelgiji wanaendesha kulia, kwa hiyo dimu ya taa hizo inapanda upande wa kulia, ambako kwetu ndiko anakotokea mwenzako. Taa nyingi hazina skrubu ya kugeuza hilo. Ni mchoro wa kioo chenyewe, au wa ukingo ndani ya projekta. Kuzishusha chini kunakuondolea barabara bila kumwondolea mwenzako adha. Chukua taa za gari la Japani au Uingereza, ambao wanaendesha kushoto kama sisi.

Kolgeti au dawa ya mbu, ipi inasafisha vizuri taa zilizogeuka njano?
*Kijana wa kuosha magari, Jinja*

Kolgeti inakwangua ile njano ya juu kidogo, na ndani ya wiki chache inarudi. Dawa ya mbu ni mbaya zaidi: inalainisha plastiki yenyewe, inang'aa siku hiyo, baadaye inaanza nyufa ndogo zisizotoka. Mafuta ya breki yatakula rangi ya bodi yakidondoka.

Taa ilitoka kiwandani na ngozi nyembamba ya kuzuia jua. Jua letu limeila, kwa hiyo kazi ni kuitoa yote na kuweka nyingine. Bandika utepe kuzunguka taa kulinda rangi. Anza na msasa wa maji namba 800 ikiwa imeharibika sana, vinginevyo 1,000, ukimwagia maji muda wote, kwa mwendo wa kulala. Maji yatatoka ya njano. Endelea mpaka yatoke meupe. Fuata na 2,000 kwa mwendo wa kusimama, halafu 3,000. Usiruke namba, mikwaruzo ya 800 haifutwi na 3,000. Osha, kausha, futa kwa spiriti, kisha puliza vaniishi ya magari yenye kinga ya jua, ile ya kuchanganya na kikausho, mikono miwili myembamba, dakika kumi katikati. Vaa barakoa, moshi wake ni sumu. Gari likae kivulini saa 24 bila maji.

Kama baada ya kusugua bado unaona ukungu, ingiza kidole chako nyuma kupitia tundu la balbu. Ukigusa vumbi, ukungu uko ndani. Ukitazama kioo cha kuakisi ukaona kimefifia kama sufuria ya zamani, taa hiyo imekwisha, na msasa hauna la kufanya.